Bi Mkubwa, Bi Mdogo na Viraka vya Mzee Gundi

Fimbo ya Mkuu wa Chuo ilikuwa bado hewani!

Ndiyo, pale pale nilipowakatia wiki iliyopita. Najua mmenisema sana. Kuna mama mmoja kaniandikia barua kwamba chakula kilimshinda Jumapili nzima kwa ajili ya ile fimbo. Pole, mama. Vuta kiti, fimbo inashuka.

"Raundi ya tatu," Mkuu alinguruma, "atapiga mtu ambaye hajashika bunduki tangu azaliwe. Na mtu huyo ni... wewe!"

Watu wote kwenye uwanja wa shabaha wakageuza shingo. Fimbo ilikuwa imemwelekea mtu mfupi mwenye miwani, amekumbatia mafaili mawili kifuani.

Karani!

"Mimi?" Karani alijigusa kifua. "Afande, mimi nimeleta fomu tu."

"Weka fomu chini."

"Afande, nyumbani hata panya namwitia mke wangu."

"Safi kabisa," alisema Mkuu. "Wewe ndiye ninayekutaka."

Sasa wewe uliyeanza kusoma leo, shika haya haraka, maana sirudii. Katika chuo hiki cha polisi kuna mama mmoja, fundi wa silaha, miaka ishirini na sita kwenye ghala lile lile. Kila mtu anamwita Shangazi, hata Mkuu akijisahau. Ghalani mwake mna bunduki ndogo za rashasha arobaini za zamani, chuma kitupu, vitako vya mbao, nzito hizo usiseme. Aina hiyo ameipa jina la Bi Mkubwa. Halafu kaja Mkaguzi kutoka makao makuu na rashasha mpya arobaini, nyepesi, nusu plastiki, kitako cha kukunja. Shangazi akaziangalia, akasonya, akazibatiza Bi Mdogo.

Shindano ni moja tu: nani kati ya hao wake wenza anautii zaidi mkono wa mpigaji. Bi Mkubwa akishinda, au wakitoka sare, mambo yanabaki kama yalivyo. Akishindwa, zile arobaini zinakwenda kuyeyushwa kiwandani leo hii hii, na Shangazi anakabidhi funguo na kwenda nyumbani kumwagilia maua.

Shangazi hapendi maua.

Raundi ya kwanza, risasi moja moja, alishinda Bi Mdogo. Ya pili, risasi tatu tatu, alishinda Bi Mkubwa. Ngoma droo. Ila kuna jambo moja ambalo Shangazi hakumwambia mtu, nami nawaambia nyinyi kwa sababu ni wangu: Mkaguzi ana masharubu. Yamechanwa, yamenyooka, na kila akicheka yanapanda juu. Shangazi alikuwa anamchukia yule bwana kwa moyo wote, na kila aliposogea karibu, moyo huo huo ulikuwa unamfanyia fujo kifuani. Mjane wa miaka hamsini na mbili! Alijionea aibu mwenyewe.

Haya, turudi uwanjani.

Mkaguzi ndiye aliyeanza. Alimshika Karani begani, akamsimamisha kwenye mstari, akampachika Bi Mdogo mikononi.

"Umeona alivyo mwepesi? Kitako begani. Shavu hapo. Mkono wa kushoto mbele. Ukibonyeza, usiachie mpaka ziishe."

"Ziko ngapi?"

"Ishirini."

"Zitachukua muda gani?"

"Zitaisha kabla hujamaliza kuniuliza swali kama hilo."

Karani alivaa vizibo vya masikio juu ya miwani, akavivua, akavaa miwani juu ya vizibo. Bendera nyekundu ikapanda. Mkuu akapuliza filimbi.

Trrrrrrrrr!

Lo! Mwanzo Bi Mdogo alitulia kama mtu na adabu zake. Halafu Karani akashtuka na kuegemea nyuma, na mtutu ukaanza kupanda. Ulipanda ukaiacha karatasi, ukaliacha tuta la udongo nyuma ya karatasi, ukakifikia kibao cha mbao kilichoandikwa HATARI juu ya tuta. Kibao kikapata matundu mawili. Kunguru watatu waliokuwa wametulia wakahama mtaa.

Karani alibaki amelenga angani.

"Zimeisha?" aliuliza Karani, macho yamefumbwa.

Makuruta walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Shangazi alijiuma mdomo asicheke, akashindwa, kicheko kikamtoka kupitia puani.

"Bibie," Mkaguzi alimwambia, masharubu yametulia tuli, "zamu yako."

"Usiniite bibie. Mimi si bibie wako."

"Basi nikuite nani?"

"Niite Fundi."

"Zamu yako, Fundi."

Alilitamka taratibu sana neno hilo. Shangazi akajikwaa kwenye nyasi ambazo hazikuwa na kitu.

Alimpa Karani Bi Mkubwa kwa mikono miwili, vile watu wanavyopokezana mtoto mchanga.

"Mzito?"

"Mzito kama mashine ya kuchapa, Shangazi."

"Uzito huo ndio rafiki yako. Teke lake linaishia humo humo ndani ya chuma, likikufikia wewe limeshachoka. Halafu hana haraka. Bi Mdogo anasema maneno yote kwa pumzi moja, huyu anatamka moja moja. Mlalie kidogo kwa mbele. Usimvute, usimsukume, mshike tu aseme."

"Na ubaya wake?"

Shangazi alitupa jicho pembeni. Mkaguzi alikuwa anasikiliza.

"Ubaya wake," alisema, maana hakuwa na tabia ya kumdanganya mwanafunzi, "ni kwamba ukibonyeza, kuna pande la chuma ndani linakimbia mbele kwanza kabla risasi haijatoka. Litakutikisa. Usishtuke. Ni salamu hiyo."

Bendera. Filimbi.

Du! Du! Du! Du!

Jamani! Karani alikuwa anahesabu kwa sauti, na muda wa kuhesabu alikuwa nao. "Tano! Sita! Saba!" Alipofika tisa alikuwa anatabasamu. Alipofika kumi na tano alifumbua macho. Ilipotoka ya ishirini aligeuka, jasho linamtiririka, miwani imekaa upande, akauliza:

"Kuna nyingine?"

Uwanja ulilipuka. Hakuna hata risasi moja iliyovuka tuta! Kibao cha HATARI kilibaki na matundu yake mawili ya mwanzo. Makuruta walirusha kofia juu. Wawili wakachomoka mbio kuelekea majengo ya chuo, wanapiga kelele njia nzima: "Bi Mkubwa kashinda! Bi Mkubwa kashinda!"

Shangazi alicheza. Ndiyo, alicheza, pale pale kwenye mstari wa kupigia, na buti zake za kazini na suruali yenye madoa ya mafuta, mabega yakienda huku na kiuno kikienda kule.

"Tungoje hesabu," alisema Mkaguzi.

"Hesabu gani tena, na wewe una macho? Kamuulize kunguru!"

"Zinahesabiwa zilizoingia ndani ya duara, Fundi. Kunguru hayumo kwenye kanuni."

"Twende basi tukahesabu, tumalize, ufunge makasha yako."

Walikwenda wote wanne, Mkuu mbele na fimbo, Karani nyuma akitembea kifua mbele. Walifika kwenye mbao mbili za shabaha. Wakasimama.

Karatasi zilikuwa safi.

Msomaji, nisikilize vizuri. Duara jeusi la kulia, zima. Duara jeusi la kushoto, zima. Hakuna tundu. Risasi arobaini zimepigwa mbele ya watu wote, na hakuna hata tundu moja la kuweka kidole!

Pembeni alisimama mzee mwembamba, ndoo mkononi, brashi kwenye ndoo, uso umejaa furaha ya mtu aliyemaliza kazi mapema.

"Tayari, Afande," alisema Mzee Gundi. "Leteni wengine."

Ole wetu! Huyu mzee kazi yake ni moja: kubandika viraka vya karatasi juu ya matundu, ili shabaha itumike tena. Raundi mbili za kwanza Mkuu mwenyewe alisimama kwenye mbao akamzuia kwa mkono mpaka hesabu iishe. Raundi ya tatu Mkuu alikuwa anacheka habari za Karani, akasahau.

"Mzee!" Mkuu alishika kichwa. "Umefanya nini?"

"Nimebandika."

"Kabla hatujahesabu?"

"Afande, bendera imeshuka, mimi nimebandika. Miaka thelathini na moja bendera ikishuka nabandika. Leo mlitaka nifanye nini, niimbe?"

"Matundu yalikuwa mangapi ndani ya duara?"

"Mimi sihesabu. Kuhesabu kuna wenyewe." Alimwangalia Karani kwa jicho la kumtupia mzigo. "Ila angalia kazi ilivyo laini."

Na kweli ilikuwa laini. Mkuu alipandisha fimbo, akaishusha, akaipandisha tena, hakupata wa kumpiga nayo. "Basi warudie!" alisema. Karani alisikia neno hilo, akatabasamu. Hapo Mkuu akakumbuka kwamba Karani si tena mtu ambaye hajawahi kushika bunduki.

"Ngoja," alisema Shangazi.

Alisogea, akagusa kiraka kimoja kwa ncha ya kidole. Kikavu. Akagusa kingine. Kikamng'ang'ania.

"Gundi ya asubuhi imeshakauka. Ya sasa hivi mbichi. Kila kiraka kibichi kina tundu la Karani chini yake."

"Hesabuni vibichi basi!" alisema Mkuu.

"Haitoshi, Afande," alisema Mkaguzi. "Naona vingine vikubwa. Mzee, matundu mawili yakikaribiana unabandika kimoja?"

"Nipoteze karatasi?"

"Umeona. Lazima mtu mmoja abonyeze kiraka kwa mbele, mwingine apapase kwa nyuma gunia lililobeba karatasi. Risasi husukuma nyuzi za gunia nje, ukizigusa zinachoma."

"Mtu gani atajua kupapasa hivyo?" aliuliza Mkuu.

Wote wakamtazama Shangazi.

"Na wa mbele?"

Wote wakamtazama Mkaguzi.

"Safi," alisema Mkuu. "Nyinyi wawili ndio mnaobishana. Mkikubaliana, mimi natangaza."

Shangazi alijipenyeza nyuma ya shabaha ya Bi Mdogo, kati ya mbao na tuta. Jua lilikuwa linapita kwenye gunia. Aliona kivuli cha mkono wa Mkaguzi kinasogea upande wa pili.

"Hapa," alisema Mkaguzi.

Kidole chake kilisukuma gunia. Shangazi akaweka cha kwake. Kati yao kulikuwa na gunia, karatasi na gundi ya mzee, na bado Shangazi alisikia joto likipanda mpaka kwenye masikio.

"Moja," alisema.

"Hapa."

"Mawili, yamepakana."

"Hapa."

"Moja. Usibonyeze sana."

"Nimekuumiza?"

"Nimesema hesabu, bwana, hesabu!"

Alicheka yule mtu huko mbele. Shangazi hakuyaona masharubu yakipanda, lakini alijua yamepanda. Naye huku nyuma, mbele ya tuta la udongo ambalo halisemi ya watu, akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Walimaliza Bi Mdogo. Ndani ya duara, kumi na nne.

"Kumi na nne!" Shangazi hakuamini. "Na zile zilizohama mtaa?"

"Sita tu. Nne kwenye tuta, mbili kwenye kibao. Wote tuliziona hizo sita kwa sababu zilikuwa na vituko. Kumi na nne zilizotulia hakuna aliyezipigia makofi."

Shangazi alihamia nyuma ya shabaha ya Bi Mkubwa, na safari hii hakuchekacheka.

"Hapa."

"Moja."

"Hapa."

"Moja."

Karibu zote zilikuwa kwenye karatasi, hakuna iliyokifikia kibao. Lakini vibichi vingine vilikuwa vimekaa nje ya duara, vimelizunguka kama watu waliokosa viti. Karani alitikisika kwa ile salamu ya kwanza, akahangaika risasi kadhaa kabla ya kumpata. Shangazi alihesabu moyoni. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili, kumi na tatu.

"Cha mwisho," alisema Mkaguzi. "Kipo kwenye mstari wenyewe. Kanuni inasema kinachogusa mstari kimeingia. Kama hapa kuna risasi, ni kumi na nne kwa kumi na nne, sare, na mimi narudi na makasha yangu. Papasa."

Alibonyeza. Shangazi akapapasa.

Msomaji, kidole cha fundi wa silaha hakikosei. Kinaona kuliko jicho. Na kidole kile kiligusa ubao mwembamba wa katikati unaoshikilia gunia, na kwenye ubao tundu dogo la duara, laini, halina uzi hata mmoja uliosukumwa nje. Alikitoa akakitazama. Kilikuwa na kutu.

Msumari! Msumari ulichomoka kwenye ubao, Mzee Gundi akaona kitundu, akabandika. Mzee huyo akiona tundu hamuulizi mwenyewe.

"Fundi?"

Shangazi alizifikiria zile arobaini zake ghalani. Anazijua moja moja. Ile yenye kovu kwenye kitako, ile inayopenda mafuta mengi, ile ambayo mikono mingine yote inaiona mbovu ila mkono wake. Tanuru linazingoja. Neno moja tu, "risasi", na hakuna mtu chini ya mbingu atakayejua.

"Fundi, upo?"

"Nipo." Akakifuta kidole kwenye suruali. "Ni msumari."

Kidole cha upande wa pili kiliondoka kwenye gunia.

"Una hakika?" Mkaguzi aliuliza polepole. "Mimi huku sioni kitu. Ukisema risasi, naandika risasi."

"Ndio ubaya wenyewe. Andika msumari, bwana. Andika upesi kabla sijabadilisha."

Alitoka nyuma ya shabaha, uso umelowa machozi, na hakuyafuta. Alilia wazi wazi. Mkuu alipotangaza "Bi Mdogo, kumi na nne kwa kumi na tatu," makuruta waliguna kwa pamoja, na Karani akavua miwani akaifuta ingawa haikuwa na vumbi.

Shangazi alifungua mkanda, akachomoa pete ya funguo. Zilikuwa zimekaa kiunoni pale miaka yote ile mpaka mkanda una alama. Akamnyooshea Mkaguzi.

"Chukua. Ule mkubwa ni wa mlango, unaugeuza huku unavuta. Usipovuta haufungui."

Mkaguzi hakuzipokea.

"Nani kakwambia unanikabidhi mimi?"

"Si ndivyo tulivyosema? Akishindwa natoka."

"Hivyo ulisema wewe, tena kwa kelele. Mimi nilisema akishindwa kuna fomu ya kusaini." Alimnyang'anya Karani faili, akatoa karatasi. "Soma."

Shangazi alisoma, herufi zikimchezea kwenye machozi. Bunduki za aina mpya zitunzwe katika ghala lenye kufuli mbili. Kila kufuli na mtunzaji wake. Hakuna atakayefungua bila mwenzake kuwapo.

Chini kulikuwa na mistari miwili ya majina. Wa kwanza ulikuwa umejazwa. Aliutazama mwandiko, akamtazama Mkaguzi, akautazama mwandiko tena.

"Hili jina lako."

"Langu."

"Wewe si unarudi makao makuu?"

"Niliomba uhamisho jana. Baada ya kukuona unamfundisha kuruta kusafisha mtutu, ukamtukana, ukamsifu, ukamtukana tena." Masharubu yalikuwa yanatetemeka. "Mtu aliyenipapasia msumari akausema, huyo ndiye ninayetaka ashike kufuli ya pili. Kila asubuhi. Kama hutaki, nitaelewa."

"Kila asubuhi?"

"Na jioni wakati wa kufunga."

Eti mama yenu huyo, mkali wa chuo kizima, akaanza kujipapasa mifuko kutafuta kalamu! Karani alimpa kalamu bila kuombwa. Mkuu aligeuka akaanza kulikagua tuta ambalo halikuwa na la kukaguliwa. Shangazi akaegemeza karatasi mgongoni kwa Karani, akaandika jina lake. Chini yake akajaza idadi ya silaha alizopokea: arobaini, kwa tarakimu na kwa maneno, kama kanuni inavyotaka. Akasaini.

Arobaini zake zilikuwa zimekufa. Alijua. Na bado, Mungu amsamehe, alikuwa na furaha tele.

Na hapo ndipo alipomwona Mpishi.

Mpishi wa chuo alikuwa anakuja mbio kutoka majengoni, aproni inampiga magotini, mwiko bado mkononi. Alimvuta Shangazi pembeni, akainama sikioni, anahema.

"Shangazi, lori la kiwanda limeshapakia. Limetoka getini."

"Najua," alisema Shangazi. "Acha waende. Waliniheshimisha."

"Hujui! Tangazo la Mkuu nimelisikia mpaka jikoni, na hawakupakia zako!"

"Nini?"

"Makasha si yalikuwa yamepangwa pande mbili mbele ya ghala, zako huku, mpya kule? Na Karani si aliandika kibali tangu asubuhi ili asipoteze muda: pakia makasha ya upande ulioshindwa. Sasa wapakiaji wanangoja habari, wakaja makuruta wawili wanapiga kelele Bi Mkubwa kashinda, Bi Mkubwa kashinda..."

Mpishi akaelekeza mwiko getini.

Bi Mdogo! Wote arobaini! Wako njiani kwenda tanurini!

Shangazi alisimama hajasogea. Nyuma yake Mkuu alikuwa anampa Mkaguzi mkono wa hongera. Hakuna aliyesikia. Waliojua ni Mpishi na yeye tu, na Mpishi angefunga mdomo akimwambia funga. Robo saa ya kunyamaza. Basi. Robo saa tu, mpya zinakuwa uji wa chuma, na zake arobaini zinabaki ghalani kwa sababu chuo hakiwezi kukaa bila silaha. Hakuna ambaye angeweza kumlaumu. Kibali si chake, kelele si zake. Na aliwaza, siwafichi, aliwaza kwa tamaa kabisa mpaka mate yakamjaa mdomoni.

Halafu akaitazama karatasi mkononi. Wino wa jina lake ulikuwa bado unang'aa.

Arobaini, kwa tarakimu na kwa maneno. Miaka ishirini na sita hajapoteza hata skrubu, na alizotia sahihi ni zake, azipende asizipende.

"Mungu wangu," alisema. "Nimeshasaini."

Akaanza kukimbia. Akampita Mkuu, akampita Karani, akamfikia Mkaguzi, akamkamata mkono bila kusimama.

"Twende!"

"Wapi?"

"Bi Mdogo wako wanakwenda kuyeyushwa! Nitakueleza njiani!"

Chini ya kivuli cha jukwaa pikipiki ya tarishi ilikuwa imeegeshwa, ufunguo umo. Shangazi alirusha mguu juu yake. Mara ya mwisho kuendesha alikuwa na miaka ishirini na tisa, na hata siku hiyo aliishia kwenye ua wa jirani. Mbali barabarani, nje ya geti, vumbi la lori lilikuwa linapanda na kupungua.

Mkaguzi alikuwa amesimama kando, mkubwa mzima, uso umepauka.

"Fundi, mimi sijawahi kupanda pikipiki. Hivi mtu anashika wapi?"

"Kiuno changu," alisema Shangazi, akapiga kiki.